Anwani hizi ndefu za intaneti zinatuponza mpakani

MWEZI uliopita alinijia mama mmoja anayeleta dagaa kutoka Kigoma, mkononi ana risiti ya wakala wake wa usafirishaji. Nyuma ya risiti ile kijana wa ofisini kwa wakala alikuwa amemwandikia kwa kalamu anwani ya ukurasa wa intaneti ambako, kwa maelezo yake, mama angeweza kuangalia mzigo wake umefika wapi.

Anwani ilichukua mistari mitatu. Ilianza vizuri kwa jina la kampuni, ambalo sitalitaja. Ikafuata “app”. Ikafuata “viewConsignment.do”. Halafu nuktamkato, neno “jsessionid”, alama ya sawasawa, na baada ya hapo herufi na tarakimu 32 ambazo hazifanani na neno la lugha yoyote ninayoijua. Mwisho alama ya kuuliza, kisha “id=4471”, “lang=fr” na “step=3”.

“Mwanangu, nimeiandika kwenye simu mara nne, inakataa,” aliniambia. “Au simu yangu ndiyo mbovu?”

Simu haikuwa mbovu. Alikuwa amesoma nane moja kama B na sifuri mbili kama O. Lakini hata angeinakili bila kosa isingemsaidia, na sababu ya kutomsaidia ndiyo inayonifanya nishike kalamu leo. Naamini kwamba wafanyabiashara wetu wa mpakani, pamoja na ndugu zetu waliorudi kutoka ng’ambo ya mpaka, wanalipishwa gharama ya uvivu mdogo wa watu wanaotengeneza programu hizi. Uvivu wenyewe ni wa kazi ya siku chache.

Ndugu msomaji, niruhusu nieleze kwanza jinsi mambo yanavyokwenda huko ndani, maana tukibaki kulalamika kwamba “mtandao unasumbua” hatutafika popote.

Programu nyingi za mabenki, mawakala na ofisi za namna hiyo zimeandikwa kwa lugha ya Java. Sehemu ya programu inayopokea ombi lako na kukurudishia ukurasa huitwa sevuleti, na sevuleti zimekuwapo tangu 1997. Hukaa ndani ya seva, na seva inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Tomcat. Sasa fikiria kituo cha mpakani chenye madirisha mengi. Unaingia na karatasi zako, na pale mlangoni yupo mtu anayezitazama na kukuambia, wewe nenda dirisha la tatu, wewe la saba. Ndani ya programu ya Java kazi ya mtu huyo hufanywa na faili liitwalo “web.xml”, au siku hizi na maandishi mafupi anayoyaweka fundi juu ya sevuleti yenyewe. Humo ndimo inapoandikwa kwamba anwani fulani iende kwenye sevuleti fulani.

Maana yake ni kwamba anwani anayoiona mteja haina haja ya kufanana na jina la sevuleti wala jina la faili. Fundi ndiye anayeichagua. Akitaka iwe “viewConsignment.do” itakuwa hivyo, na akitaka iwe “mizigo/4471” itakuwa hivyo, na kompyuta haitamgombeza kwa lolote kati ya hayo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba anwani ni ndefu “kwa sababu ndivyo mfumo ulivyo”, ujue huyo ama hajui, ama hataki kuhangaika.

Tuanze na ile mikia 32, kwa kuwa ndiyo yenye hatari.

Wavuti kwa asili yake hauna kumbukumbu. Ukifungua ukurasa mmoja kisha wa pili, seva inakuona kama mgeni mara zote mbili. Ili ikutambue inakupa namba ya kikao, mfano wa kile kibati unachopewa unapoacha begi dukani. Kwa kawaida namba hiyo huhifadhiwa kimyakimya ndani ya kivinjari chako, katika kitu kiitwacho kidakuzi. Lakini sheria za sevuleti ziliandikwa wakati ambapo vivinjari vingine vilikataa vidakuzi, ndipo ikaruhusiwa njia ya pili: namba ya kikao ibandikwe kwenye anwani yenyewe, baada ya nuktamkato. Na kwa kuwa mara ya kwanza seva haijui kama kivinjari chako kinapokea vidakuzi au la, inafanya yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana mtu mwenye simu nzima kabisa bado anaiona ile “jsessionid”.

Hapo ndipo penye tatizo. Yule kijana alikuwa amefungua programu kwa jina lake na neno lake la siri, akanakili anwani kama alivyoiona juu ya kioo, akampa mama. Hakumpa anwani ya mzigo. Alimpa kibati chake. Tomcat, isipoelekezwa vingine, hufuta kikao kisichotumika kwa dakika 30, na mama alifika kwangu siku ya pili, kwa hiyo kibati kilikuwa kimekwisha kufa. Lakini angeifungua anwani ile akiwa bado pale mlangoni, bila kukosea herufi, na programu ikiwa haina kinga nyingine, angeingia kwa jina la kijana yule na kuona mizigo ya wateja wote. Sasa tuseme kijana hakuiandika kwa kalamu bali aliituma kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara mia mbili. Nani atalaumiwa mzigo wa mtu ukibadilishiwa jina? Ni huyo kijana wa mshahara mdogo, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba anwani inaweza kubeba ufunguo.

Dawa ya jambo hili ipo tangu 2009, lilipotoka toleo la 3.0 la sheria za sevuleti. Fundi anaandika katika “web.xml”, kwenye sehemu ya “session-config”, kwamba “tracking-mode” iwe “COOKIE”, basi. Ni mistari mitatu. Seva haitabandika tena namba ya kikao kwenye anwani yoyote. Zaidi ya miaka kumi na mitano imepita na bado tunaandikiwa mikia ile kwenye risiti.

Ile “.do” nayo ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi wengi wa Java walitumia Struts, na ilikuwa desturi ya Struts kwamba kila anwani inayoishia na “.do” ipelekwe kwake. Haikuwa ujinga. Fundi akiweka alama ya “/*”, yaani kila kitu kije kwangu, sevuleti yake inaletewa hata picha na faili za mapambo ya ukurasa, na akipeleka ombi ndani kwa ukurasa wa JSP linamrudia yeye mwenyewe, linazunguka mpaka programu inaanguka. Akiweka “/” peke yake, JSP zinapona, lakini anakuwa amemfukuza yule mhudumu wa kawaida anayetoa picha na mapambo, na ukurasa unatoka uchi. Nimeona vijana wakilala ofisini kwa ajili ya kosa hili. Kwa hiyo “.do” ilikuwa njia salama ya kusema: yenye alama hii ni yangu, nyingine niachie.

Ila usalama huo ulimpendelea fundi na kumsahau mteja. Njia iliyo bora ilikuwapo wakati wote: kuandika “/mizigo/*”, yaani kila kinachoanza na mizigo kije kwangu, kisha sevuleti isome kilichobaki nyuma yake kwa amri ya “getPathInfo”. Ikipata “/4471” inajua ni mzigo gani. Picha hazihusiki, JSP hazihusiki, hakuna anayelala ofisini.

Na kama programu ni ya zamani, imejaa “.do” kila kona na mwenye kuiandika amekwisha kuhama? Hapo kuna chujio. Chujio ni kipande cha programu kinachosimama mbele ya sevuleti zote, na sheria za sevuleti zimevikubali tangu toleo la 2.3 la 2001. Paul Tuckey alitengeneza kimoja kiitwacho UrlRewriteFilter, kinatolewa bure, nacho husoma kanuni zake kutoka faili dogo. Unakiambia: akija mtu na “/mizigo/4471”, mpeleke ndani kwa “viewConsignment.do?id=4471”, lakini anwani iliyo juu ya kioo chake isibadilike. Programu ya zamani haijui kilichotokea. Inaendelea na kazi zake kama mzee aliyewekewa mlango mpya wakati amelala.

Naomba nieleweke, si kwamba kazi inaishia hapo. Viungo vilivyomo ndani ya kurasa bado vinataja anwani za zamani, kwa hiyo mteja akibofya mara moja tu ile “.do” inarudi. Kanuni za upande wa kutoka nazo ziandikwe, au viungo virekebishwe kimoja kimoja. Picha pia husumbua. Ukurasa uliotaja picha kwa njia fupi, “picha/nembo.png”, ukihamia kwenye “/mizigo/4471” kivinjari kitaitafuta picha hiyo ndani ya mizigo na kuikosa. Njia ianzie kwenye mzizi wa programu, na Java ina “getContextPath” kwa kazi hiyohiyo. Lile neno “app” nalo ni jina la faili tu lililopakiwa kwenye seva. Faili likiitwa “ROOT.war” neno linaondoka.

Nije sasa kwa waliorudi, maana wao wanaumizwa na jambo jingine.

Aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi ng’ambo anaishi kwa karatasi. Cheti cha shule aliyosoma huko, cheti cha ufundi, barua ya kazi. Siku hizi karatasi nyingi zina anwani ya intaneti chini yake, au zile alama za mraba za kupiga picha kwa simu, ili mwajiri aingie na kuhakikisha kwamba cheti si cha kughushi. Jambo zuri sana. Lakini nimekaa na kijana mmoja mbele ya mwajiri, alama ya cheti chake ikapigwa picha, na jibu likaja: 404, ukurasa haupo. Mwajiri alimtazama yule kijana kwa jicho ambalo wote waliowahi kurudi na begi moja wanalifahamu. Cheti kilikuwa halali. Shule ilikuwa imebadilisha programu, na anwani zote za zamani zikafa siku hiyohiyo bila mtu kuzikumbuka.

Tim Berners-Lee, aliyevumbua Wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki, na akataja vitu visivyofaa kuwekwa ndani yake, kikiwamo kiambishi cha mwisho wa jina la faili na dalili za programu inayotumika. Sababu ni wazi. Programu hubadilika. Struts ya kwanza, ile ya “.do”, ilitangazwa mwisho wa maisha yake mwaka 2013. Mwaka 2020, toleo la tisa la Jakarta EE lilibadilisha majina ya ndani ya sevuleti kutoka “javax” kuwa “jakarta”, na kila anayehamia Tomcat ya 10 au zaidi inambidi arekebishe programu yake. Wengi wanapofika hapo wanaamua kuandika upya kila kitu, na ndipo karatasi za watu zinapokufa. Anwani iliyoandikwa “/vyeti/” na namba ya cheti isingejali mabadiliko hayo hata kidogo, kwa kuwa haitaji teknolojia ya mtu yeyote.

Na kama ni lazima anwani ihame, kuna adabu yake. Sisi tuliohamahama tunaijua: unapoondoka unamwachia jirani ujumbe wa mahali ulikokwenda. Seva nayo ina namna ya kuacha ujumbe huo, namba 301, yenye maana ya kuhama moja kwa moja. Vijana wengi hutumia amri ya “sendRedirect” wakidhani wamemaliza, kumbe amri hiyo kwa kawaida yake hutoa 302, yaani nimetoka kidogo. Kivinjari na mitambo ya kutafuta itaendelea kuamini kwamba makao ni yaleyale ya zamani. Inatakiwa kuiwekea seva namba 301 kwa kuitaja, pamoja na kichwa cha “Location” chenye anwani mpya. Ni mistari miwili, na ingemwokoa yule kijana na lile jicho.

Wapo watakaonijibu kwamba anwani fupi ni hatari, mtu akiona “/mizigo/4471” atajaribu 4472 aone mzigo wa jirani yake. Ni hoja ya kweli, ila imeelekezwa pasipo pake. Ile anwani ndefu nayo ilikuwa na “id=4471” mwishoni kabisa, wazi kwa kila mwenye macho. Urefu haujawahi kuwa kufuli. Kufuli ni pale seva inapouliza kila mara: wewe ni nani, na mzigo huu ni wako? Isipouliza, anwani fupi na ndefu zote ni mlango uliosindikwa tu.

Kwa mfanyabiashara ambaye hana akaunti wala neno la siri, mimi ningeshauri risiti yake iwe na msimbo wa herufi kumi hivi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, bila sifuri na O, bila moja na I, na ukurasa wake uonyeshe tu kwamba mzigo uko wapi. Usionyeshe thamani. Usionyeshe namba ya simu. Mwenye kuokota risiti barabarani asijue zaidi ya hapo.

Wengine watasema siku hizi hakuna anayeandika anwani kwa mkono, watu wanabofya au wanapiga picha ile alama ya mraba. Hao hawajasimama mpakani saa kumi na mbili jioni. Alama ya mraba yenye anwani ndefu ina vidoti vingi na vidogo zaidi, na ikichapwa kwenye karatasi ya risiti iliyofifia, kisha ikasomwa na simu yenye kioo kilichopasuka, haisomeki. Ujumbe mfupi wa simu unabeba herufi 160. Anwani ya mistari mitatu inakula sehemu kubwa yake, na wakala anaweza kujikuta analipia ujumbe wa pili. Na bado wapo wengi wanaosomeana anwani kwa simu, herufi moja moja, huku lori linanguruma pembeni. Jaribu kumsomea mtu “viewConsignment” ambaye alisoma shule kwa Kifaransa.

Hapo kwenye lugha nina dogo la kuongeza. Maneno ya kwenye anwani yawe ya watumiaji. “Mizigo” inaeleweka kuanzia huku kwetu mpaka Dar es Salaam, inasomeka kama inavyoandikwa, na haina alama juu ya herufi. Fundi anayependa Kifaransa akaweka “reçu” atashangaa kuiona imegeuka “re%C3%A7u” pale mteja anapoinakili. Kiswahili kimetuepusha na karaha hiyo bila sisi kukiomba.

Sina ugomvi na vijana wanaotengeneza programu hizi. Baadhi yao ni wenzetu waliorudi na ujuzi walioupata Kigoma, Kampala au Nairobi, na wanafanya kazi kwa vifaa duni na mabosi wenye haraka. Ugomvi wangu ni na mabosi. Wanapokabidhiwa programu wanauliza kama inafanya kazi na kama rangi za kampuni zimekaa vizuri. Waulize pia anwani zitakavyosomeka kwenye risiti, na zitakuwa hai mpaka lini, na waandike majibu hayo ndani ya mkataba kabla ya kulipa sehemu ya mwisho.

Wewe msomaji, ukitumiwa anwani yenye neno “jsessionid”, usiisambaze. Futa kuanzia kwenye nuktamkato mpaka kabla ya alama ya kuuliza, halafu ujaribu tena. Kama ukurasa ni wa watu wote utafunguka bila mkia ule. Kama hautafunguka, basi haukuwa wako tangu mwanzo, mwambie aliyekutumia atoke kwenye programu na kuingia upya, ili kile kikao kife.

Ndivyo nilivyofanya na anwani ya mama wa dagaa. Nilikata mkia, ukurasa ukaja, ukadai jina na neno la siri ambayo hakuna aliyewahi kumpa. Mama alirudisha risiti kwenye mkoba, akampigia dereva. Mzigo ulikuwa Manyovu tangu asubuhi, unasubiri karatasi moja yenye sahihi yake.